Resori na Barabara Zinalana: Historia Fupi ya Kupandisha na Kushusha Gari Kisangani



Hapa Kisangani mtu akikuambia "nimetoka kwa fundi, nimetengeneza resori", humuulizi kama ameshusha gari. Unajua tu, ameipandisha. Ameongeza lame nyuma, ama ametia vipande vya chuma juu ya resori za mbele, ili tumbo la gari lisigonge mawe njiani kwenda Bafwasende. Lakini vijana wetu wanaona kwenye simu magari ya Los Angeles, ya Tokyo na ya Ujerumani yameketi chini kabisa, karibu yalale juu ya lami, na wanauliza: sisi pia tunaweza? Resori fupi zinauzwa, mtu anaweza kuagiza. Na sheria je, itatuacha?

Swali ni zuri, na linastahili jibu refu kidogo kuliko "ndiyo" ama "hapana". Kwa sababu yule anayeshusha na yule anayepandisha wanafanya kazi moja. Wote wawili wanagusa kile chuma ambacho kiwanda kilikipima kwa uzito fulani na urefu fulani. Na ukifuata historia ya chuma hicho katika mji wetu, utaona jambo moja: kwetu resori na barabara zinalana. Barabara mbaya inaomba resori ngumu, resori ngumu inaruhusu mzigo mzito, mzigo mzito unaua barabara. Halafu mzunguko unaanza upya.

1. CHUMA KINACHORUDI

Mwaka 1678 Mwingereza Robert Hooke alichapisha kanuni ambayo kila aliyesoma fizikia anaikumbuka: resori inarudisha nguvu kulingana na kiasi ulichoibonyeza ama kuivuta. Kilo 100 zikiishusha sentimita 2, kilo 200 zitaishusha sentimita 4, hadi ifike mwisho wake.

Mwaka 1804, Mwingereza mwingine, Obadiah Elliott, alipata hati ya uvumbuzi wa resori za lame kwa magari ya farasi. Lame ni vile vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine kama kurasa za kitabu. Zaidi ya miaka mia mbili imepita, na mpango ule ule njo uko chini ya kamyo zinazotoka kwetu kwenda Ituri.

Magari madogo yaliacha lame polepole yakachukua resori ya kujizungusha, yaani waya nene wa chuma uliosokotwa kama nyoka. Injinia wa Marekani, Earle MacPherson, aliunganisha resori hiyo na amortisere kwenye nguzo moja, na Ford ikaanza kuuza magari yenye mpango huo mnamo 1949 hadi 1951. Angalia chini ya Toyota ndogo nyingi zinazozunguka Makiso: mbele utakuta nguzo ya namna hiyo.

Sasa hesabu kidogo, maana hapa njo watu wengi wanapotea. Chukua resori ya kujizungusha yenye mizunguko 6 inayofanya kazi. Ukikata mmoja, inabaki 5. Gari imeshuka, sawa, lakini resori pia imekuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20. Unene wa waya una nguvu kubwa zaidi ya hapo: ukitoka milimita 12 kwenda milimita 13, ugumu unapanda karibu asilimia 38, kwa sababu unene unahesabiwa kwa kipeo cha nne. Kwenye lame, ukiwa na 8 na ukaongeza 2 zinazofanana nazo, ugumu unapanda asilimia 25.

Tena, chuma cha resori si chuma cha mlango. Kiwandani kimechomwa, kikazimwa ghafla, kikapashwa tena kwa kipimo, ili kikibonyezwa mara milioni kirudi mahali pake. Ukikipiga moto wa kuchomelea ili kishuke, umefuta kazi ile yote. Kitashuka leo, na kesho kitaendelea kushuka chenyewe, ama kitavunjika. Wahunzi wetu wanajua sifa za chuma hiki tangu zamani, maana lame kuukuu zinatoa panga na jembe nzuri. Lakini panga ikivunjika, inavunjika mkononi mwa mtu mmoja.

2. STANLEYVILLE: NJIA KABLA YA GARI

Mji wetu ulizaliwa kwa sababu ya maji. Kituo cha Stanley kiliwekwa mwaka 1883 pale ambapo mashua zinazopanda kutoka magharibi haziwezi kwenda mbele tena, chini ya maporomoko ya Boyoma. Jibu la kwanza la kupita maporomoko hayo lilikuwa reli. Kampuni ya CFL ilimaliza njia ya Stanleyville hadi Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu, mwaka 1906. Ni kama kilomita 125, ikianzia ng'ambo ya kushoto, Lubunga. Treni haina habari na mashimo ya barabara: inatembea juu ya barabara yake yenyewe.

Gari ilikuja baadaye, na ilikuja kwa kelele. Tarehe 28 Oktoba 1924 msafara wa kampuni ya Citroën ulitoka Colomb-Béchar, kusini mwa Algeria, na magari manane. Magari hayo yalikuwa na magurudumu mbele tu. Nyuma yalikuwa na mikanda ya mpira kama ya trekta, ili yapite kwenye mchanga wa Sahara na kwenye tope la msitu. Mwaka 1925 yalipita Stanleyville, yakaendelea hadi Kampala, ambako yaligawanyika makundi manne kuelekea Bahari ya Hindi. Fikiria: gari ya kwanza kusifiwa dunia nzima kwa kuvuka nchi yetu haikutegemea magurudumu peke yake.

Baadaye barabara za udongo mwekundu zilifunguliwa upande wa Buta, upande wa Irumu, na kwingine. Zilibeba pamba, kahawa, mafuta ya mawese, na watu wa migodi ya dhahabu ya Kilo-Moto. Wazee wanasimulia kwamba gari ndogo, za chini kabisa, zilikuwa zinapita. Tunapenda kusikia hivyo, halafu tunasema "zamani za Wabelgiji barabara zilikuwa nzuri".

Lakini tumalize hadithi. Barabara ile ilikuwa laini kwa sababu kuna mtu alisimama pale na jembe na koleo, akiziba shimo likiwa bado dogo, akifungua mfereji kabla ya mvua. Mara nyingi alikuwa mtu wa kijiji cha jirani, amelazimishwa. Vijiji vingine vilihamishwa visogee barabarani, ili mikono ya kazi iwe karibu. Resori ya kiwandani ilitosha kwa sababu sehemu ya pigo ilikuwa imebebwa na mgongo wa mtu. Hilo njo deni la kwanza katika historia hii, na tulirithi barabara bila kupata njia ya haki ya kuitunza.

3. MIAKA YA KUONGEZA LAME

Baada ya Uhuru mji uliingia katika mateso. Agosti 1964 waasi wa Simba waliuteka, na Novemba 24 askari wa miavuli wa Ubelgiji wakashuka. Miaka ile matunzo ya barabara za msitu yalikatika, na msitu haungoji. Misimu michache ya mvua bila mifereji inatosha.

Mwaka 1966 Stanleyville ikawa Kisangani. Mwaka 1971 serikali iliunda Office des Routes kutunza barabara za taifa. Mwaka huo huo chuo chetu, kilichozaliwa 1963 kwa jina la Université Libre du Congo, kiliunganishwa ndani ya UNAZA. Novemba 1973 ikaja zairianisation: maduka, mashamba na biashara za usafiri za wageni zikapewa wenyeji kwa ghafla. Wengi waliopewa hawakuwa na mtaji wala mawasiliano ya kuagiza vipuri. Amortisere ikifa, ilibaki imekufa. Resori ikilegea, fundi alitafuta lame kwenye gari iliyolala.

Hapo njo ilizaliwa elimu kubwa ya mafundi wetu, na lazima tuiheshimu. Bila kitabu wala mashine ya kupima, walijifunza kusikiliza gari na kujua lame ipi imechoka. Kila mtu amesikia lile neno la garaji: "Tuongeze lame mbili, itakamata." Na kweli inakamata. Gari inasimama tena, shofere anaondoka. Tatizo halikuwa akili ya fundi. Ile dawa ya dharura ilikaa miaka hamsini ikawa desturi.

Wakati huo huo Afrika Mashariki ilikuwa na mashindano ya Safari Rally, yaliyoanza 1953, ambamo gari zilipimwa kwa tope na mawe ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Peugeot 404 ilishinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Njo maana Peugeot ilipata jina Afrika nzima: resori zake zilikuwa na safari ndefu, yaani zilishuka na kupanda sana bila kugonga mwisho, na hazikuwa ngumu kupita kiasi. Somo lile hatukulishika vizuri. Kwenye barabara mbaya, gari inaokolewa na resori yenye nafasi ya kutembea pamoja na amortisere nzima. Ugumu peke yake unapeleka pigo lote kwenye chasi, kwenye rotili na kwenye mgongo wa abiria.

4. WAKATI KINGA ILIKUWA KAMYO

Vita vilivyoanza 1998 vilifunga mto na barabara pamoja. Juni 2000, kwa siku sita, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji wetu, na raia wengi wakafa. Magari yaliyobaki yalikuwa machache. Biashara ya chakula ilibebwa na baiskeli, ambazo wengine wetu tunaziita kinga. Watu walisukuma mizigo siku nyingi katika msitu, kwenye njia ambayo zamani kamyo ilipita kwa siku moja. Mjini zikazaa toleka, teksi ya baiskeli, ambayo ililisha familia nyingi na kulipia watoto wengi masomo. Katika sisi tunaosoma hapa, wamo waliolipiwa hivyo.

Angalia jambo la ajabu: baiskeli haina resori isipokuwa chini ya kiti. Hata hivyo nayo ilifanyiwa yale yale. Wachomeleaji walitia vyuma vya ziada kwenye mwili wake ili ibebe zaidi. Mzigo ukiongezeka na njia ikiharibika, kila chombo kinakazwa.

Baada ya vita njia zilianza kufunguka. Mwaka 2008 mradi wa Pro-Routes, wa serikali na Benki ya Dunia, ulianza, na mwaka huo huo sheria iliunda FONER, mfuko wa taifa wa kutunza barabara. Bidhaa za Butembo zikarudi kwa wingi kupitia Barabara ya Taifa namba 4, Beni, Komanda, Mambasa, Nia-Nia, Bafwasende. Pamoja nazo yakaja magari yaliyotumika ya Japani, yaliyoshushwa Mombasa, mengine usukani bado uko kulia katika nchi inayoendesha kulia. Magari yale yalitengenezwa kwa lami ya Nagoya na Osaka. Kazi ya kwanza ya mwenye gari ilikuwa ni ipi? Kuipandisha.

5. HESABU YA MZUNGUKO

Kati ya 1958 na 1960, karibu na mji wa Ottawa katika jimbo la Illinois, Marekani ilipitisha malori mchana na usiku kwenye barabara za majaribio ili kupima yanavyoziharibu. Jaribio hilo linaitwa AASHO Road Test. Kanuni iliyotoka pale, ambayo mainjinia wa barabara bado wanaitumia, inasema kwa makadirio kwamba uharibifu unapanda kwa kipeo cha nne cha uzito ulio juu ya ekseli moja.

Tuifanyie kazi hapa. Kamyo ilipimwa kubeba tani 10 kwenye ekseli ya nyuma. Mwenyewe ameongeza lame 2 juu ya 8, ugumu umepanda asilimia 25, na sasa gari haionekani kuinama hata ikibeba tani 12 na nusu. Macho yanasema "iko sawa". Lakini 1.25 ikizidishwa yenyewe mara nne inatoa 2.44. Safari moja ya kamyo ile inaharibu barabara kama safari mbili na nusu. Ukizidisha mzigo mara mbili, uharibifu ni mara 16. Na ile ilikuwa barabara ya lami na saruji. Udongo wetu mwekundu uliolowa maji haungoji hata hesabu. Njo maana kuna vizuizi vya mvua, vinavyosimamisha magari mazito hadi njia ikauke. Anayemshawishi mlinzi afungue usiku anakula barabara ya watu wote.

Mwezi unaofuata shimo limekuwa bwawa. Shofere anarudi kwa fundi: "Ongeza tena." Kwa hiyo unaposikia kwamba barabara iliyofunguliwa jana imekufa leo, usilaumu mvua peke yake. Angalia pia chini ya kamyo.

6. WALIOSHUSHA, NA SHERIA ILIYOWAFUATA

Sasa twende kwa wenzetu wanaoshusha. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia, vijana wa Los Angeles wenye asili ya Mexico walipenda gari iketi chini na itembee polepole. Mwanzoni waliweka mifuko ya mchanga nyuma, halafu wakaanza kukata resori. Tangu 1958 kifungu cha 24008 cha sheria ya magari ya California kilikataza gari iliyobadilishwa ambayo sehemu yoyote ya mwili wake iko chini kuliko sehemu ya chini ya rimu ya gurudumu. Maana yake ni rahisi: mpira ukipasuka, gari isikae kwa tumbo barabarani.

Mwaka 1959 kijana mmoja, Ron Aguirre, alitia kwenye Corvette yake pampu za mafuta za aina iliyotumika kwenye ndege. Polisi akiwa karibu, gari inapanda. Polisi akipita, inashuka. Kisheria alikuwa salama! Lakini vijana wengine waliendelea kusimamishwa miaka mingi, na wengi waliona kwamba kilichopimwa kilikuwa rangi na mtaa wa dereva kuliko urefu wa gari. Kifungu hicho kilifutwa kwa sheria iliyoanza kazi Januari 1, 2024, miaka 66 baadaye.

Wajerumani walichukua njia nyingine. Heinrich Eibach alianzisha kazi yake ya resori mwaka 1951, na leo jina hilo linajulikana kwa wote wanaoshusha magari. Kule resori ya kubadilisha inauzwa na karatasi inayosema ni ya gari ipi na kwa uzito gani. Mkaguzi anaangalia kazi iliyofanyika, na mabadiliko yanaandikwa kwenye makaratasi ya gari inapohitajika. Japani ina kipimo ambacho kila kijana wa huko anakijua: sehemu ya chini ya gari isiwe karibu na ardhi kuliko sentimita 9.

Sheria njema katika mambo haya inapima gari kwa rula na kwa taa, na inampa mwananchi karatasi ya kujitetea. Sheria isiyopima inampima dereva, na dereva anaishia kujadiliana kando ya barabara. Hilo hatuhitaji kwenda California kulijua.

7. KWETU SHERIA INATAFUTA NINI?

Sisi tuna Sheria namba 78-022 ya Agosti 30, 1978, Nouveau Code de la Route. Zaire ilikuwa pia imejiunga mwaka 1977 na Mkataba wa Vienna wa 1968 juu ya usafiri wa barabarani. Wengi wetu tunaijua sheria hii kwa makaratasi tu: permi, asuransi, kontrole tekiniki. Lakini nyuma ya karatasi kuna gari, na gari iliyoguswa resori inabadilika mahali ambapo hatuangalii.

Taa. Mkataba wa Vienna unataka taa fupi ziangaze angalau mita 40 mbele. Chukua taa iliyo sentimita 65 juu ya ardhi, imeelekezwa chini kwa asilimia 1.2. Mwanga wake unagusa ardhi kwenye mita 54, sawa kabisa. Sasa pandisha nyuma sentimita 5, kwenye gari ambayo magurudumu ya mbele na ya nyuma yameachana mita 2 na nusu. Pua imeinama asilimia 2 zaidi. Mwanga unaishia mita 20. Mama anayetembea na mzigo kandokando ya njia usiku, unamwona umechelewa. Kinyume chake, mzigo ukikalisha nyuma sentimita 5, taa zinaangalia macho ya anayekuja mbele.

Kupinduka. Gari ambayo magurudumu yake ya kushoto na ya kulia yameachana sentimita 150, na kitovu cha uzito kiko sentimita 60 juu, ina kipimo cha uthabiti cha 1.25, yaani nusu ya upana kugawanya kwa urefu huo. Ipandishe sentimita 10, unabaki na 1.07. Weka magunia juu, na watu juu ya magunia, kama tunavyoona kila siku. Sitaki kuendelea na hesabu hiyo. Katika mji wetu ni familia chache hazijapokea habari ya kamyo iliyolala.

Freni na usukani. Gari ikipanda ama ikishuka, pembe za magurudumu zinabadilika, mipira inalika upande mmoja, rotili na kardani zinafanya kazi kwa pembe ambayo hazikuumbiwa. Resori iliyokatwa ina hatari yake ya pekee: gari ikiruka kwenye tuta, gurudumu linaning'inia na resori fupi inaweza kutoka mahali pake.

8. KWA HIYO, TUSHUSHE AMA TUSISHUSHE?

Kijana anayetaka kushusha gari yake Kisangani, jibu la haki ni hili. Nunua resori iliyotengenezwa kwa aina ya gari yako, usikate wala usichome. Badilisha na amortisere zinazolingana. Pima sehemu ya chini kabisa ukiwa umepakia watu watano, usipime gari tupu, maana gari yenye nafasi ya sentimita 15, ukiishusha 3, inabaki na 12, na wenzako wakiingia zinaondoka nyingine kadhaa. Rekebisha pembe za magurudumu na taa. Weka risiti na karatasi za resori pamoja na makaratasi ya gari, na uijulishe asuransi, maana siku ya ajali njo itauliza. Baada ya hayo yote, ujue kwamba utatembea Makiso tu, na mvua kubwa ikinyesha utaiacha nyumbani. Kama unakubali, ni mali yako.

Lakini mtu anayeongeza lame kwenye kamyo, swali lake ni zito zaidi, ingawa hakuna anayempiga picha. Kijana aliyeshusha gari anahatarisha zaidi kikata chake cha mafuta na watu wachache waliomo ndani. Kamyo iliyokazwa inakula njia ya Buta, ya Bafwasende na ya Opala, inakula bei ya mchele na ya sabuni, inakula mgonjwa anayesafirishwa kuja hospitali. Kuirudisha resori kwenye kipimo cha kiwanda ni kazi ya fundi, lakini haiwezekani mwenye mzigo akiendelea kulipa kwa safari iliyojaa kupita kiasi, wala mizani ikikosekana njiani, wala mifereji isipofunguliwa na mtu anayelipwa vizuri kwa kazi ambayo babu zetu walilazimishwa kuifanya bure.

Katika kundi letu kuna mainjinia, wanasheria, walimu, wenye kamyo, na watoto wa mashofere. Kila mmoja ameshika kipande kimoja cha mzunguko huu. Mwenye kamyo anaweza kuanza wiki hii bila kungoja mradi. Fundi akisema "tuongeze lame mbili", amuulize kwanza: gari iliandikiwa tani ngapi? Amortisere bado zinashika? Taa zitaangalia wapi? Fundi mzuri hatachukia maswali hayo. Yanamlinda hata yeye.